Mhazini anaposhika kila kitu peke yake

Ndugu muulizaji, unasema mhazini wa SACCOS yenu (chama cha akiba na mikopo) ndiye anayepokea marejesho ya mikopo, kuandika leja, yaani daftari kuu la hesabu, na kwenda benki, na sasa hesabu hazilingani. Msianze kwa kumtuhumu, anzeni na karatasi. Taarifa ya benki ichukueni wenyewe tawini, siyo nakala anayowaletea yeye. Ilinganisheni na vitabu vya stakabadhi mstari kwa mstari, na tazameni hasa tarehe: fedha iliyopokelewa tarehe 3 ikaingia benki tarehe 19 huenda ilichukuliwa kwanza, kisha pengo lake likazibwa kwa rejesho la mwanachama mwingine. Stakabadhi iliyofutwa lazima nakala zake zote zibaki kitabuni. Ile ya juu, anayopewa mlipaji, ikikosekana, yawezekana kuna mwanachama alilipa akaondoka nayo. Waiteni wenye mikopo waje na stakabadhi zao, hapo ndipo ukweli hutoka.

Baada ya hapo, anayepokea fedha asiandike leja. Hundi iwe na saini mbili, na jamani, msisaini hundi tupu eti mwenyekiti anasafiri! Mhazini apewe likizo ya lazima ya wiki mbili mfululizo, mwingine akaimu, kwa sababu wizi wa namna hii humtaka mwenyewe awepo kila siku kuuficha.