Bega linachomoka nikikwea mnazi

SWALI: Bi Mkubwa, shikamoo. Mimi ni mkwezi wa minazi hapa Mchinga, umri wangu miaka 26. Mwaka jana mguu uliteleza kwenye kidato nikaning'inia kwa mkono wa kulia, bega likachomoka. Mzee mmoja akalivuta likarudi. Tangu siku hiyo limechomoka mara nne, na ya mwisho nilikuwa nimelala tu. Eksirei ilionyesha mifupa haikuvunjika. Daktari anasema gegedu la ndani limechanika, kanipa rufaa ya Dar es Salaam nikashonwe kwa upasuaji wa matundu. Atashonaje kitu kilicho ndani ya bega kwa kupitia tundu la punje ya hindi? Na nitakwea tena lini? Nina mke na watoto wawili. (Mkwezi, Mchinga, Lindi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimefanya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hapa Mtwara miaka 22. Mabega ya wakwezi, wavuvi na wapakiaji wa korosho ndiyo yaliyonizeesha.

Kwanza uelewe kilichochanika. Umemwona mama akijitwika mtungi? Kichwani anaweka ngata, mtungi usiteleze. Begani ni hivyo hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, na kikombe kinachokipokea hakina kina, ni kama kisahani. Pembeni mwa kisahani hicho Mungu ameweka ngata ya gegedu, madaktari huiita labramu, na ligamenti za bega, zile kamba zinazoshikanisha mifupa, zimejishika hapo. Uliponing'inia, ngata ilibanduka upande wa mbele, chini. Eksirei huonyesha mifupa, gegedu halionyeshi. Ndiyo maana huenda ukapimwa kwa MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, pengine baada ya kuchomwa dawa ndani ya kiungo ili mpasuko uonekane vizuri.

Si kila aliyechanika anapasuliwa. Angekuja kwangu mzee wa miaka 60 ambaye bega limemchomoka mara moja, ningeanza na mazoezi. Wewe ni kijana, limechomoka mara nne baada ya ile ya kwanza, na kazi yako ni kuinua mkono juu na kuutupa nje, mkao ule ule unaolichomoa. Kila likitoka, mfupa unaweza kusaga ukingo wa kikombe. Ukingo ukilika sana, kushona kwa matundu hakutoshi tena, itabidi wahamishe kipande cha mfupa kuziba pengo. Kwa hiyo usiahirishe mpaka msimu mwingine. Na likichomoka tena, nenda hospitali, usimpe mtu alivute. Begani pana mishipa ya fahamu na ya damu, na nimeona mkono uliokufa ganzi kwa miezi baada ya kuvutwa hivyo.

Sasa hayo matundu. Utapewa dawa ya usingizi, na mara nyingi mkono nao huchomwa ganzi, kwa hiyo ukiamka ukauona umelala kama si wako, usiogope. Mpasuaji anatoboa nyuma ya bega na kuingiza kamera nyembamba, kama milimita 4. Maji ya chumvi yanasukumwa ndani ili kiungo kitanuke, na yeye anatazama kwenye skrini. Vifaa vinapita kwenye matundu mengine mawili hivi, mbele. Anakwangua ukingo wa mfupa utoe damu kidogo, maana gegedu lenyewe lina damu haba na bila hiyo halishiki. Kisha anapigilia nanga ndogo kwenye mfupa, mara nyingi tatu au zaidi, kila moja na uzi wake, na kwa nyuzi hizo anaifunga ngata mahali pake.

Kushona kunachukua saa moja au mbili. Kupona kunachukua miezi, na hapo ndipo watu wetu wa kusini wanaponivunja moyo. Nilikuwa na mpakiaji mmoja wa korosho, alishonwa vizuri kabisa. Wiki ya tano maumivu yalikuwa yameisha, magunia yamejaa ghalani, akabeba. Nanga ziling'oka. Nililia naye.

Mkono utafungwa kifuani wiki 4 hadi 6. Kwenye basi la kurudi kaa dirishani, bega lililoshonwa liwe upande wa dirisha, wapita njia wasiligonge. Lala umeegemea mito. Vidole na kiwiko vichezeshe tangu siku ya kwanza, ila mkono usiuzungushe nje. Kama unaswali, kwa muda huo swali umekaa kwenye kiti, usiuegemee mkono huo kwenye sijida. Nyuzi za ngozi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na hata Hospitali ya Sokoine hapo Lindi wanaweza kuzitoa. Mazoezi ya nguvu huanza kama mwezi wa tatu. Kukwea, hesabu miezi 6, na iwe baada ya kupimwa kwamba mkono huo una nguvu sawa na mwenzake.

Kaa na mkeo kabla ya safari, mpange nani ataangua nazi miezi hiyo na mtagawanaje. Kuhusu gharama, ulizia bima yako na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kabla hujakata tiketi. Ukitoka huko, mwombe mpasuaji akuandikie kwenye karatasi ametia nanga ngapi, upande gani, na mkono uruhusiwe kufika wapi kila wiki. Karatasi hiyo mpe mtaalamu wa fiziotherapia wa huku siku ile ile utakayorudi.