Barua kwa mwanangu: matriksi iliyogoma kugawanyika

Mwanangu mpenzi,

Salaam aleikum. Sisi hapa Kibokoni tu wazima. Swali lako nimelipata: darasani mwaambiwa opereta (kanuni inayohamisha kila vekta kwenda vekta nyingine, kama matriksi ifanyavyo) hugawanywa vipande ambavyo kila kimoja hubaki ndani yake, kisha ukapewa matriksi inayopeleka (x, y) kwenye (y, 0), nayo ikagoma. Wauliza, "Mama, nani mwongo?"

Hakuna mwongo. Mhimili wa x haubanduki: kila nukta yake yaangukia sufuri, na sufuri imo humo humo. Sasa tafuta mstari wa pili usiobanduka. Hutaupata. Kipande kipo, mwenzake hayupo, na pasipo mwenza hakuna mgawanyo. Nadharia ya Jordan, ile ya kugawa matriksi, haisemi kila matriksi hukatika hadi ukubwa wa 1. Yasema kwamba, kwenye namba changamano, kukata hukoma kwenye vipande vya sampuli hii, na tukikata kila mtu kwake tutaishia na vipande vile vile. Hilo la pili ndilo zito, nalo walimu wengi hulipita mbio.

Matriksi linganifu za namba halisi (zilizo sawa pande mbili za ulalo) hazina taabu hii. Kwazo ⟨Ay, x⟩ = ⟨y, Ax⟩, ambapo ⟨ , ⟩ ni zao la nukta la vekta mbili, kwa hiyo kipande kikitulia, yaani kisipobanduka, chote kilicho pembe mraba nacho kitatulia pia. Mwenza huja mwenyewe.

Kwenye nafasi ya Hilbert isiyo na kikomo, yaani ya vekta zenye namba zisizokwisha ila urefu wake una kikomo, tazama opereta ya kusogeza: (a, b, c, …) huwa (0, a, b, …). Urefu haupotei, ila mahali pa kwanza hubaki patupu. Herman Wold, Mswidi, alifika hapa mwaka 1938 akichunguza mifuatano ya vipimo vya wakati; John von Neumann alikuwa ameshaliona upande wa opereta: kila opereta inayohifadhi urefu ni sehemu ya unitari (inayohifadhi urefu na kurudishika nyuma bila kuacha pengo) pamoja na nakala za kusogeza, basi. Wold alitenganisha kinachotabirika kutokana na yaliyopita na kile kinacholetwa na mapya ya kila hatua. Maji ya Kilindini yanafaa kwa mfano: bamvua na maji mafu hufuata mwezi na jua, ndiyo maana jedwali huchapishwa mapema, msukosuko wa upepo haumo jedwalini.

Kazi yako: opereta ya kusogeza ina vipande vingi vilivyotulia. Onyesha kwamba, ukiacha sufuri na nafasi nzima, hakuna hata kimoja ambacho pembe mraba yake imetulia pia. Anza na vekta (1, 0, 0, …), uniandikie ulipokwama.

Babako akusalimu.

Mamako