Tawi la mwembe limelalia bati, nifanyeje?

Pole sana, dada, wewe na wanao. Umeuliza kama kijana wa mtaani apande na panga kuliangusha tawi la mwembe lililopasuka na dhoruba ya juzi, likalalia bati hapo Chumbageni. Asipande kwanza. Tazameni waya wa umeme: kama umeguswa au umekatika, kaeni mbali na muwaite TANESCO, hata kama mtakesha gizani.

Kama waya hauhusiki, tafuta fundi mwenye msumeno na kamba. Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja wa juu. Likianguka linachuna gome mpaka shinani. Alifunge kamba, akate kidogo kwa chini, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, kisha kwa juu, mbele kidogo ya hapo. Kisiki kinachobaki akiondoe mwisho, bila kuugusa ule uvimbe kwenye maungio ya tawi na shina. Oili chafu msipake, jeraha hujifunga lenyewe. Na utomvu wa mwembe unababua ngozi, avae mikono mirefu.

Na kama dhoruba imevunja mnazi kilele, huo umekwisha, hauchipui tena. Mwembe nao, mkiona udongo umeinuka upande mmoja wa shina, watoto wasilale chumba kilicho karibu nao, unaweza kuanguka.