Sensa ya krenki: pima kwanza, duka la spea baadaye

*Gari likipata moto linazima, likipoa linawaka. Nimeweka pampu ya mafuta mpya na plagi mpya.*

Pole kwa hela za pampu. Shuku sensa ya krenki, kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari jinsi krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) inavyozunguka. Ile yenye koili, yaani waya uliozungushwa ndani, ikichoka, waya wake mwembamba wa ndani huachana kwa joto, ukipoa unagusana tena. Siku likigoma usikimbilie kumwagia maji. Chomeka mashine ya kupima, piga selfu, tazama RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Ikisoma sifuri na injini inazunguka, kompyuta haioni krenki, na isipoiona haitoi cheche wala haifungui nozeli. Pima ohmu (ukinzani wa waya) hapo hapo sensa ikiwa ya moto, ikipoa itakudanganya. Na usibebe familia kwa gari hilo. Likizima kwenye mteremko, usukani na breki vinakuwa vizito mno.

*Gurudumu la krenki lina pengo. Fundi anasema meno yamevunjika, anataka kuchomelea.*

Mzuie! Meno hayo ndiyo sensa inayasoma. Meno yakilingana mduara mzima, kompyuta itajua kasi tu, haitajua pistoni iko wapi. Pengo ndiyo alama yake. Magari mengi ya Ulaya yana nafasi 60 na meno 58, kila nafasi nyuzi (digrii) 6. Toyota yenye injini ya 1NZ ina nafasi 36, meno 34, nyuzi 10. Kompyuta huhesabu meno kuanzia pengoni, na katikati ya jino na jino hukadiria kwa kupima muda. Injini ikiwa kwenye RPM 3,000, nyuzi moja hupita kwa sehemu moja ya 18,000 ya sekunde. Sasa kuna watu wanakwamisha krenki kwa kuchomeka bisibisi kwenye meno ili wafungue nati ya puli. Jino likipinda kidogo tu, gari linaweza kumisi ukikanyaga mafuta, nawe utabadilisha koili za cheche hadi uchoke.

*Mashine imeleta P0335. Ninunue sensa ya kampuni gani?*

Kila mara swali ni hili, na kila mara hakuna aliyepima. Kodi hiyo ya hitilafu inataja saketi nzima ya sensa ya krenki: waya, soketi, sensa. Chomoa sensa uitazame ncha. Ina sumaku, kwa hiyo huota manyoya ya chembe za chuma. Ifute, halafu tafuta chembe hizo zimetoka wapi.

*Naweza kuizungusha kurekebisha taimingi, kama distributa?*

Hapana.

*Nyaya zake mbili zina upande?*

Zina. Ukizigeuza, ishara inapinduka na taimingi inaweza kuhama bila taa yoyote kuwaka. Yenye nyaya tatu kwa kawaida ni aina nyingine, inalishwa umeme. Hiyo usiipime ohmu.

*Nimechomoa sensa ya kamshafti, gari limewaka. Basi haina kazi?*

Ina kazi. Inasoma kamshafti, shafti inayofungua valvu. Krenki huzunguka mara 2 kwa kila mlipuko wa silinda moja, hivyo pengo peke yake halisemi kama pistoni inabana au inatoa moshi. Baadhi ya kompyuta hubahatisha zikapatia. Rudisha hiyo soketi leo.