Taa za nyumba zipangeni kabla ya plasta

Jamani hili limenigharimu ndo maana naliandika. Nilipojenga Mbweni hapa Zanzibar pesa nyingi nilizipeleka kwenye milango ya kuchonga na marumaru, mambo ya taa nikamwachia fundi mwishoni kabisa, akanitobolea dari la gipsam ukumbini akapachika taa 24 nyeupe pe, kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga unazidi weupe wa baridi), zote swichi moja. Usiku wa kwanza nimewasha, wallahi kama duka la simu Darajani! Mamaangu kila akija ananambia mwanangu zima hizo, tukakae barazani.

Kaka yangu alipoanza nyumba yake Kizimkazi, ya kutazama bahari, nikamwambia safari hii tuanze na watu. Tukachukua ramani tukaandika nani anakaa wapi na anafanya nini, mama anasoma msahafu hapa, wageni wanakula pale, na fenicha tukazichora humo humo maana taa ya kusomea utaiwekaje hujui kiti kinakaa wapi. Ukimaliza utaona chumba kimoja kinataka taa za namna tatu, ya jumla ya kuona njia, ya kazi pale mikono inapofanya kazi, na ya kupamba, kila moja na swichi yake, na ukumbini kila moja na dima yake, yaani swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga. Paipu za waya zikishafukiwa, kuja kutindua ukuta ni hasara.

Jikoni msitegemee taa ya dari peke yake, ukisimama kukata kitunguu kivuli chako kinaangukia kibao. Weka stripu ya LED chini ya makabati. Kioo cha chooni taa zikae pembeni mbili, usawa wa uso.

Kwenye kupamba sisi tumeshapewa kila kitu na wazee: zidaka, vile vishubaka vya ukutani! Taa ndogo iliyofichwa juu ndani ya kidaka, na chetezo cha shaba au vyombo vya bibi chini yake, hapo hata picha ukutani huna haja nayo. Ukuta wa mawe umulike kutoka juu karibu karibu, kama sentimita 20 au 30, mabonde yake yote yanatokeza. Lakini ukuta wa plasta usiumulike hivo, kila kosa la fundi litaonekana.

Wenye madirisha makubwa ya baharini, taa ya ndani ikiwa kali usiku kile kioo kinageuka kama cha kujitazamia, bahari huioni tena unajiona wewe na kochi lako. Ndo kazi ya dima hiyo. Ila si kila LED inakubali dima, nyengine zinapepesa mpaka kichwa kinauma.

Rangi ya mwanga ukumbini na vyumbani chukueni kelvini 2700 mpaka 3000, na CRI 90 kwenda juu (hiyo ni alama ya mia, mwanga unavyoonyesha rangi za vitu kama zilivyo), la sivyo hata pilau inaonekana imechacha.

Nje chumvi inakula vyuma, chukueni zisizoshika kutu, na ziwe za IP65, yaani haziingii vumbi wala maji ya kurushiwa, na zitazame chini, ziwe hafifu za rangi ya kaharabu. Kasa wanataga kwenye fukwe zetu, Mnemba, Misali kule Pemba, na vitoto vyao vikitoka usiku vinafuata kwenye mwangaza vikidhani ni bahari, vinaishia kwenye bustani ya mtu.

Kaka alinunua taa mbili mbili tu kwanza za kila aina, tukaenda nazo usiku na waya mrefu, nyumba haijapigwa plasta bado, tukawa tunashika moja moja ukutani na mama amekaa kwenye kiti cha plastiki anatwambia ishushe, ishushe kidogo, hapo hapo.