Jibu: Fomu ya kabila, dini na ulemavu kazini

Salama ndugu. Kama nimekuelewa, fomu inauliza kabila, dini na ulemavu, HR wanasema ni ya siri, lakini pale juu wanataka namba yako ya kazi. Basi si ya siri hiyo.

Angalia kwanza mwajiri ni nani. Taasisi ya umma hapa Kenya ina sababu ya kuuliza kabila: sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 hairuhusu jamii moja kupita theluthi moja ya wafanyakazi. Kampuni binafsi haibanwi na kifungu hicho, kwa hiyo iulize inataka kabila lako la nini. Uliza kwa barua pepe, si kwa mdomo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua.

Namba si shida pekee. Nilipokuwa kwenye kamati ya fomu kama hizi, ripoti zilitolewa kwa kila idara. Idara ina watu sita, mwanamke Mrendile ni mmoja: jina la nini tena? Tuliomba jumla ya ofisi nzima tu, na kisanduku cha "sipendi kujibu". Walikubali shingo upande.

Ulemavu ni tofauti kidogo. Ukihitaji meza au saa tofauti za kazi, waandikie moja kwa moja, maana fomu ya takwimu haitakuletea. Wakikulazimisha, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, naye ana siku 90 kuyamaliza.