Re: Makumbusho yanatunza mila kweli au yanafungia vitu kwenye vioo tu?

Mkuu swali lako zuri, jibu langu inategemea nani ameshika funguo. Kikapu ukikiweka kwenye kioo kitadumu sawa, ila namna ya kuchagua majani, kuyachana na kuyatia rangi inapotea fundi akifa, ndo maana mi nawakubali zaidi wanaomkalisha msusi mwenyewe pale asuke watu wakimwona, kama Skansen, makumbusho ya wazi kule Stockholm, Sweden, ipo tangu 1891, nyumba za zamani zimehamishwa nzima nzima na mafundi wako ndani wanapiga kazi. Kasoro ni kwamba maisha yanaonekana kama yaligandishwa, wakati wenye mila hizo wengi leo wana simu na wanalipa kodi kama sisi.

Te Papa, makumbusho ya taifa ya New Zealand, wameenda mbali, ndani kuna marae, ukumbi wa Wamaori (wenyeji wa asili wa huko) unaotumika kweli kupokea wageni, na mabaki ya wazee wao yaliyopelekwa ng'ambo wanayafuatilia yarudi nyumbani. Marekani nako sheria ya kurudishia makabila ya asili mabaki ya wazee wao na vitu vyao vitakatifu ipo toka 1990, ila kanuni zilipokazwa 2024 baadhi ya makumbusho yakaanza kufunika makabati haraka haraka maana hayakuwa na ridhaa ya makabila husika, miaka yote hiyo jamani!

We ukiingia popote, uliza maelezo ya ukutani kayaandika nani.